Sauti ni Mali ya Mradi

Jumanne saa tatu asubuhi, Hajira Kondo alisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi pale Maili Moja, hedifoni masikioni, akihesabu hatua. Kila alipofika hatua ya ishirini na tano kutoka kwenye nguzo ya umeme, sauti yake mwenyewe ilikatika ndani ya simu. Akirudi hatua moja, ilianza tena: "Hapa uliposimama palikuwa na kisima cha pampu ya mkono." Aliandika kwenye daftari kwamba duara la nne liko sawa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alichora maduara kwenye ramani ya mji wa Kibaha, na ndani ya kila duara akaweka sauti: mashine ya kusaga, kengele ya shule, maelezo mafupi ya mahali. Mtu akipita na simu yake, duara linamsemesha. Mtangazaji waliyemtegemea hakutokea, kwa hiyo Hajira alisoma maelezo yote mwenyewe. Badru, mkuu wa ofisi, alimpa fomu asaini. Kipengele cha sita kilisema sauti ni mali ya mradi na itatumika ndani ya maeneo ya mradi tu.

Mradi ulizinduliwa Ijumaa. Jumamosi, nyumbani kwake Kongowe, Hajira alifungua mdomo amwamkie mwenye nyumba, hakikutoka kitu. Alidhani ni mafua. Alipofika Maili Moja kutafuta dawa, sauti ilirudi mbele ya duka la vifaa. Alitembea hatua ishirini na tano, ikakatika.

Jumatatu alimweleza Badru. Ofisi ilikuwa ndani ya duara la pili, kwa hiyo alieleza vizuri.

"Basi mfumo unafanya kazi," Badru alisema, akamgeuzia kompyuta aone ramani. "Maduara tisa. Ukikaa humo huna tatizo."

"Niongezee moja nyumbani."

"Kongowe haimo kwenye mradi, Hajira. Wafadhili wamepitisha tisa."

Hajira alihamia chumba kimoja nyuma ya saluni, ndani ya duara la nne. Kitanda kilikuwa ndani ya duara, choo kilikuwa nje. Watu wakimwita kutoka ng'ambo ya barabara, aliwapungia mkono na kusubiri waje.

Mwezi wa tatu, mama yake, Bi Mboni, alipiga simu kutoka Kisarawe. Mumewe, baba yake Hajira, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na sasa shemeji yake, Shomari, alidai shamba la mihogo na mikorosho ambalo Bi Mboni alililima na kuishi humo. Marehemu alikuwa amemwambia Shomari kwa mdomo wake kwamba shamba ni la Mboni. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine ila Hajira. Ukoo ungekaa kikao Jumapili.

"Utakuja useme, mwanangu?"

"Kikao kije huku, mama."

"Wazee gani watapanda gari kwenda Kibaha kwa shamba la Kisarawe?"

Hajira alimwomba Badru duara moja, kwa Jumapili moja. Badru alimwambia aandike ombi, litajadiliwa robo ijayo ya mwaka.

Jumapili alikwenda Kisarawe na barua yenye ushahidi wake. Alikuwa amejirekodi pia, akiwa chumbani kwake, lakini mbele ya wazee simu iliandika kwamba hayumo ndani ya eneo la mradi. Mzee wa ukoo aliisoma barua, akaikunja, akasema barua haiulizwi maswali.

"Huyu kazi yake ni kusema," alisema Shomari. "Kibaha nzima inamsikia kwenye simu. Leo mbele ya wazee hana neno?"

Hajira alifungua mdomo. Walimsubiri kwa adabu, muda mrefu. Kisha mzee akasema aliyenyamaza ameridhika, wakaomba dua.

Bi Mboni alihamia kwa binti yake na magodoro mawili. Alipoketi tu, Hajira alimweleza yote aliyosema baba, neno kwa neno.

"Ninayajua," alisema mama. "Mimi si wa kuambiwa."

Kabla ya vuli, Shomari aliuza shamba kwa kampuni ya viwanja. Kampuni ilitaka wateja watembee na simu wakisikiliza sifa za eneo. Wafadhili walipitisha kwa siku mbili.

"Ombi lako limejibiwa," Badru alimwambia. "Duara la kumi, Kisarawe."

Hajira hakuhitajika kusoma. Ofisi ilikuwa na maneno yake ya kutosha, ikayaunganisha: "Karibu. Ardhi hii haina mgogoro."

Alikwenda Jumamosi. Mikorosho ilikuwa imekatwa na vigingi vimepigwa. Alipovuka kigingi cha kwanza, koo lilifunguka. Mume na mke walikuwa wakikagua viwanja, hedifoni masikioni. Hajira aliwasimamisha.

"Shamba hili ni la mama yangu, Mboni," alisema. "Baba alimwambia hivyo ndugu yake, nami nikiwepo. Lilichukuliwa kwa kuwa sikuweza kusema."

Mke alitoa hedifoni kwenye sikio moja, akasikiliza simu kwa sikio hili na Hajira kwa lile.

"Ndiye mwenyewe," alimwambia mumewe. "Sauti ni hiyohiyo."

Mume aliitikia kwa kichwa. Alimuuliza Hajira kama maji yako karibu.

"Yako karibu," alijibu Hajira, kwa kuwa yalikuwepo.