Basi la Saa Kumi

Kituo cha basi cha njia yetu kina paa, benchi na nguzo yenye picha ya basi. Kinachokosekana ni basi lenyewe. Lilikuja mara tatu tu, miaka kumi na mmoja iliyopita, na mimi nilikuwepo zote tatu. Mara ya kwanza lilileta waheshimiwa kuzindua kituo. Mara ya pili lilikuja kuwachukua waheshimiwa. Mara ya tatu dereva alikuwa amepotea. Tarehe ninazo kwenye mfuko wangu wa faili, kwa hiyo mtu asinidanganye.

Fikirieni nilivyopandwa na mori siku dada yangu aliponiletea karatasi aliyoikuta imebandikwa mlangoni mwa karakana yake. Dada anatengeneza makochi mwisho kabisa wa njia yetu, na njia hiyo haina tundu jingine: ulipoingilia ndipo utakapotokea. Karatasi ilisema kampuni itajenga nyumba mia tatu na ishirini nyuma ya karakana, na kwamba mradi "unaoana kikamilifu na mpango wa usafiri wa mkoa". Unaoana vipi? Eti kuna kituo cha basi, mwendo wa dakika tatu kwa miguu, na kimejaa abiria. Wakazi watapanda basi. Kwa hiyo kampuni imesamehewa kujenga barabara ya pili upande wa bondeni.

"Hata robo yao wakiwa na magari," dada alisema, "kochi langu litatokea wapi? Nilirushe juu ya ukuta?"

Mimi ni fundi redio. Mipango miji sikuisomea darasani, nimejisomea mwenyewe kati ya redio moja na nyingine, na nimegundua kwamba wanaoandika ripoti wanategemea jambo moja tu: kwamba hutazisoma. Nikaenda ofisini kwao, nikaisoma ripoti ya mradi huo nimesimama, maana kiti hawakunipa. Ukurasa wa arobaini na moja nikakuta hivi: "Abiria wanaosubiri: ishirini na wawili. Wastani wa kusubiri: saa tano. Maoni: abiria wa eneo hili wana uvumilivu wa kupigiwa mfano."

Nilicheka mpaka karani akaniletea maji.

Hao si abiria! Hao ni wacheza drafti. Chini ya lile paa kuna kivuli, kuna benchi, na kuna ubao ambao Mzee wa Posta, mstaafu wa barua na vifurushi, aliuchora kwa mkono wake. Kete ni vizibo vya soda. Mtaalamu wa usafiri alikuwa amekaa ndani ya gari siku tatu, vioo juu, akihesabu vichwa. Hakushuka hata mara moja.

Siku ya kikao cha kamati ya mipango, iliyokuwa iamue kuhusu mradi, nilifika na mfuko wangu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani yake ikining'inia kwa kamba. Kushoto kwake mtaalamu, binti mwenye kishikwambi. Kulia kwake bwana wa kampuni, ambaye tulimbatiza Marashi kwa sababu alitangulia kunukia kabla hajaonekana.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "mkoa mzima unapangwa juu ya watu wanaocheza drafti."

Ukumbi ukacheka. Marashi hakucheka. Akasimama polepole, akapangusa koti.

"Kama kweli hakuna abiria," akasema, "hakuna haja ya kituo. Paa ling'olewe na benchi lihamishiwe penye uhitaji. Waulizeni wenyewe."

Nikaona shingo ya Mzee wa Posta, aliyekuwa amekaa nyuma na wacheza drafti wenzake, ikinywea. Nikajua tumekwisha.

"Mzee," mwenyekiti akamwita, "wewe ni abiria?"

Akanitazama. Akatazama sakafu. "Ni abiria, mama."

"Unasubiri basi gani?"

"La saa kumi."

"Kwa muda gani sasa?"

"Tangu nilipostaafu."

Kinyozi, mpinzani wake wa drafti, naye akanyanyuka bila kuulizwa. "Na mimi lile lile, mama. Tunasubiriana."

"Mzee wa Posta!" nikafoka. "Jana tu umenila kete saba!"

"Kwani abiria akila kete anashushwa?"

Hapo nilitaka kumwaga faili zote, ila dada alinivuta shati nikakaa. Akasimama yeye, na vumbi la sponji kichwani.

"Mama mwenyekiti, tusivunjiane heshima. Karibuni Alhamisi saa kumi. Basi likija, mimi mwenyewe nitaomba radhi."

Mwenyekiti akaandika: Alhamisi, saa kumi.

Alhamisi wakaja kwa magari mawili, la kamati na la kampuni. Abiria wetu ishirini na wawili walikuwa kwenye nafasi zao, na Mzee wa Posta alikuwa anamchapa kinyozi bila huruma. Saa kumi kamili, sikuamini macho yangu, basi likaingia! Marashi alikuwa amelikodi. Bado lilikuwa na maua ya harusi mbele na kitambaa cha "Hongereni" nyuma. Yale magari mawili yakilifuata nyuma, likaja likasimama kituoni.

"Haya," Marashi akasema, akinawiri. "Abiria, basi lenu hilo."

Hakuna aliyenyanyuka.

"Mzee," mwenyekiti akauliza, "mbona hupandi?"

Mzee wa Posta akasogeza kizibo. "Hili silo."

"Saa kumi kamili hii."

"Ndiyo maana. Letu huwa linachelewa."

Hapo hapo, upande wa juu, kwenye karakana, ukasikika mlio wa magurudumu. Dada alikuwa anashuka na mkokoteni, juu yake kochi la watu watatu, la kijani, mali ya mteja. Akafika uso kwa uso na basi. Basi haliwezi kupita, mkokoteni hauwezi kupita, na nyuma ya basi kuna magari mawili, na nyuma ya magari muuza maji na madumu yake amekwishajipanga. Dereva akapiga honi. Dada akatia mawe chini ya magurudumu.

"Mdogo wangu, nishushie kochi. Karibu ukae, mama mwenyekiti. Hapa tuna muda."

Mama akakaa katikati ya njia. Mtaalamu alikuwa amekuja ndani ya basi, na mlango wake umebanwa na ukuta. Alitokea dirishani, viatu mkononi, akatua juu ya kochi la mteja, na kwa mara ya kwanza akasimama chini ya lile paa. Akauona ubao. Akaviona vizibo.

"Kumbe hawa ndio niliowahesabu?" akanong'ona.

"Ulihesabu vizuri tu, mwanangu," Mzee wa Posta akamfariji. "Ila ulihesabu wachezaji."

Sitamsema vibaya huyo binti. Alifuta ishirini na mbili, akaandika sifuri, mbele ya Marashi aliyekuwa anajipepea kwa ramani.

"Njia hii ina upana gani?" mwenyekiti akauliza.

"Kochi moja la watu watatu na kiti kimoja cha pembeni," nikajibu. Akaligeuza jicho kutoka ukuta hadi ukuta, akapapasa kochi alilokalia, akaandika hivyo hivyo. Akaendelea: barabara ya bondeni ijengwe kwanza, na kabla haijakamilika lisiwekwe hata tofali moja.

"Na kituo?" kinyozi akauliza.

"Kibaki. Mpango wa mkoa haujakataza watu kukaa."

Benchi zima likashusha pumzi. Mzee wa Posta akanyoosha mkono. "Sasa naweza kusema ukweli, mama? Mimi basi hata silipendi. Huwa linanitapisha."

Ilichukua saa nzima na nusu kulitoa basi kinyumenyume, dada akielekeza kwa kelele, maua ya harusi yakibaki ukutani moja moja. Nami nilisimama na nakala ya uamuzi, yenye saini, yenye muhuri, yenye kochi ndani yake. Nikaandika tarehe pembeni. Mwaka wowote watakaokuja kukana, wajue ninayo.

"Ukimaliza kuikumbatia hiyo karatasi," dada akasema, akipangusa alama ya unyayo wa mtaalamu kwenye mto wa kijani, "sukuma. Mteja anasubiri tangu saa kumi."