Utando wa Shaba

Jepleting aliunganisha waya ya mwisho, akaweka kidude cha sauti sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole, akangoja. Hakuna. Si mkwaruzo, si mvumo, si hata ule unyamavu wenye pumzi ambao redio hai huwa nao kabla ya kusema. Kimya cha sufuria tupu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyuma ya kanisa la mabati katika mtaa wa Rhonda. Kesho yake, baada ya ibada, Mzee Kamande, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, angekuja kusikiliza mwenyewe. Jepleting ndiye aliyejitakia. Alisimama mbele ya kamati akaomba chumba cha nyuma, awafundishe wasichana wa mtaa ufundi wa umeme, maana walikuwa wakisomea kwenye ngazi za duka lililofungwa, na mvua ikija kila mmoja anakimbia na kipande chake cha waya. Kisha akatamba kwamba somo la kwanza litakuwa redio inayosema bila mawe ya betri na bila stima.

Mzee Kamande alicheka mpaka akavua miwani. "Msichana wangu, mimi nishauziwa tochi isiyotaka mawe. Iliwaka mpaka yule kijana aliyeniuzia alipokata kona."

Kwaya nayo ilikitaka chumba hichohicho. Kiongozi wake, Adero, aliuliza kwa sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, kama kawaida yake: "Kamati iamue, ni chumba cha kumwimbia Mungu ama cha kuchezea waya?"

Ndipo mzee akakata shauri. Redio ikisema Jumapili, chumba ni cha wasichana. Isiposema, kwaya waingize kinanda chao.

Sasa redio ilikuwa imenyamaza, na Jepleting akaanza kutafuta ugonjwa. Antena ilitoka kwenye mti wa mgrivea hadi pembe ya paa, na alikuwa ameitenga na mabati kwa shingo ya chupa, haikugusa popote. Waya ya ardhini ilishika bomba la maji sawasawa. Dayodi ilipitisha umeme upande mmoja na kuukataa upande wa pili, kama inavyotakiwa. Kidude cha sikioni, alichokitoa kwenye alamu ya pikipiki mbovu, kilisema "tik" alipokigusisha jiwe la saa. Koili, ule msuko wa waya wa kunasa stesheni, aliipima mwanzo hadi mwisho, mita ikalia pii. Haikuwa imekatika.

Kila kiungo kizima, na mwili hauna uhai. Hapo ndipo alipoacha kuogopa akaanza kushangaa.

Aliketi kwenye nyasi, koili mapajani. Alikuwa ameifuma juu ya kifuniko cha ndoo ya rangi, alichokikata mapengo kutoka ukingoni kuelekea katikati kikabaki na ndimi tisa, kama ua. Waya hupita mbele ya ulimi mmoja, nyuma ya unaofuata, mzunguko juu ya mzunguko. Ndimi zikigawanyika kwa mbili, waya hurudi kila mara upande uleule na haifumani. Zisipogawanyika, unapata kitu bapa kama sahani, kilichosukwa kama utando wa buibui. Na huu ulikuwa utando mzuri kuliko wote aliowahi kusuka. Ulimeremeta kama bangili mpya.

Akairudia kazi yake kichwani. Alikata. Alisuka. Alilehemu ncha, na risasi ikashika mara moja.

Mara moja?

Waya ya koili huvaa vanishi nyembamba ya kahawia, na risasi haishiki juu ya vanishi. Lazima kwanza ukwangue ncha kwa wembe, kazi ya kuudhi ambayo huwezi kuisahau. Jepleting hakukumbuka wembe wowote. Akagusisha ncha moja ya mita mwanzoni mwa koili na nyingine katikati, mahali popote tu. Pii. Akasogeza. Pii. Waya haikuwa na vanishi hata kidogo. Kila mizunguko ilipopandana kwenye ulimi iligusana, na umeme ukakata njia ya mkato. Kwa redio, mizunguko yote ile ilikuwa sawa na kipande cha bati.

Alimkuta Wanyonyi, muuza vyuma chakavu, akichochea moto ndani ya pipa kwenye yadi yake.

"Niaje fundi! Redio ishaimba?"

"Wanyonyi, ile waya ulinipea, uliifanyia nini?"

Akatabasamu kama mtu aliyengojea kuulizwa. "Ulidhani nitakupea ile kitu ya kahawia nimetoa kwa mota? Wewe? Niliichoma kwa hili pipa, nikaisugua na mchanga na ndimu mpaka mkono ukakufa ganzi. Shaba safi! Hata madereva wa malori wa pale Salgaa hawajawahi niletea kama hiyo."

"Wanyonyi."

"Usinishukuru."

"Umeiua."

Alimweleza. Wanyonyi alisikiliza, chuma cha kuchochea mkononi, uso ukimshuka taratibu.

"Kwa hivyo ile kahawia ndio nguo yake."

"Na wewe umenituma nayo kanisani uchi."

Aliangua kicheko, kisha akakikatiza. "Si kesho ndio Mzee Kamande anakuja?"

"Kesho."

Wote wawili wakaligeukia pipa. "Kuna mota ya pampu humo," Wanyonyi akasema. "Nimeitupa saa hii."

Waliivuta kwa chuma. Upande mmoja ulikuwa umeshika moto. Wa pili ulikuwa bado na rangi yake ya asali. Jepleting alikwangua ncha za upande huo, akapima: ncha kwa ncha ikalia, katikati ikanyamaza. Hakuwahi kuupenda unyamavu kiasi hicho.

Walifuma palepale yadini. Wanyonyi alishika bunda la waya akiachia kidogo kidogo, na maswali yakawa mengi kuliko waya.

"Si ungezungushia tu kwa chupa?"

"Kwa chupa zinalala zikibanana, kila moja inamnyonya jirani. Hapa zinakutana zikipandana tu, basi. Redio isiyo na mawe haina cha kupoteza, kaka. Inakula kile inaokota hewani."

"Hewani kuna stima?"

"Ya stesheni. Kidogo sana."

"Hata hapa?" Akainua kiganja, akakigeuza huku na huku juani.

"Hapo hapo."

"Na hawajawahi leta bili!"

Walisuka mbili, moja ya antena na nyingine ya kutafutia stesheni. Hiyo ndiyo raha ya koili bapa: unazielekeza uso kwa uso kama kurasa za kitabu. Ukizibana, sauti inapanda. Ukizitenga, stesheni zilizochanganyika zinaachana. Walipomaliza, lango la kanisa lilikuwa limefungwa. Redio ingejaribiwa mara ya kwanza mbele ya mwenye kuihukumu.

Jumapili, ibada ilipoisha, kwaya ilikuwa imeshabeba kinanda hadi mlangoni mwa chumba. "Tunangojea tu utupishe, dada," Adero akasema, akijipepea.

Mzee Kamande aliketi kwenye benchi nje, akavua kofia, akaweka kidude sikioni. Jepleting akageuza kapasita, kifundo cha kuchagulia stesheni, polepole. Uso wa mzee haukusogea. Akageuza tena. Wanyonyi, aliyesimama kando, aliuma kidole.

Nyusi za mzee zikakutana.

"Kuna mtu."

"Anasema nini, mzee?"

"Ni wawili. Mmoja anahubiri, mwingine anaongea mambo ya ng'ombe. Wanapigiana kelele kama wabunge."

"Shika hiyo sahani ya mbele, uitenge na mwenzake. Polepole."

Akaitenga. Kinywa kikamfunguka. "Mhubiri ameenda," akanong'ona. "Amebaki daktari wa mifugo."

"Mzee, jua ni kali, tuanze basi," Adero akasema, na bila kungoja jibu akawapa waimbaji sauti. Wakaitikia kwa nguvu, mpaka mabati yakatetemeka.

Mzee Kamande aliinua mkono bila kugeuka. "Kwaya! Hebu nyamazeni! Wanasema chanjo inafika Ndabibi, na mimi niko na ng'ombe huko!"

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Wakasimama hivyo, midomo wazi, wakimtazama mzee aliyekuwa akisikiliza nyaya.

"Na hii stima inatoka wapi?" akauliza.

"Inatoka—"

"Ngoja. Ngoja amalize kwanza."

Mkono wake wa pili ulipapasa mfuko wa koti, ukatoka na ufunguo, akaunyoosha pembeni bila kuangalia. Jepleting hakuweza kuupokea. Alikuwa ameshika kapasita kwa mikono miwili na aliogopa kupumua. Adero ndiye aliyeuchukua. Akautazama kidogo, kisha akautumbukiza kwenye mfuko wa sweta ya Jepleting.

"Mkianza masomo utaniita na mimi," akamnong'oneza. "La sivyo kila Jumamosi tutawaimbia hapo dirishani."