Simu za Mkoroshoni

Siku ya gulio pale Chilangala, Kulwa alisimika mwavuli wake jirani na wauza dagaa, akaanza kusajili laini za simu za mtandao wa Tausi. Kila aliyesajili alipewa kanga na wiki nzima ya kuongea bure.

Scholastika alisimama mbele yake na simu ya kitochi yenye nafasi ya laini moja tu. Binti yake, Oliva, alikuwa amebakiza wiki mbili kujifungua. Mkwewe, Gasper, alikuwa Masasi, akibeba magunia kwenye ghala la korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hakuwa amekula. Scholastika akampa kipande cha muhogo wa kuchemsha, kisha akauliza kama Tausi inashika nyumbani kwake.

"Inashika Chilangala yote, bibi."

"Basi ukimaliza kuuza, pitia kwangu."

Alifika saa tisa. Scholastika akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye mkorosho. Simu ambazo hazikufika zilikuwa zinakwama pale, kwenye majani, na upepo ukipita zilisikika. Mtu aliulizia bei ya salfa ya kupulizia mikorosho. Mtoto alimwamkia mjomba wake. Kwenye tawi la chini kabisa alikuwapo Rahima, aliyezikwa mwaka jana pamoja na kichanga chake.

"Haloo? Leteni gari, damu haikati. Mmefika wapi?"

Mumewe, Mahmudu, alikuwa amekaa chini ya tawi, juu ya kigoda alichowekewa na Scholastika.

"Tupo njiani, mke wangu," akajibu.

Kulwa alivua kofia, akazunguka mti polepole kama mtu anayekagua mzigo.

"Zote za kwetu," akasema. "Mnara wetu upo mbali, kule kwenye maghala. Huku hautoi kitu."

"Wakubwa zako wanajua?"

"Niliwapigia, bibi. Mwaka jana, nikiwa hapa hapa kijijini."

Wakainua vichwa. Kwenye tawi la juu, sauti ya Kulwa ilikuwa ikieleza kwa adabu kwamba Chilangala hakuna mtandao, na kwamba anaomba waje kupima.

Alivaa kofia. "Chukua laini ya Jembe," akanong'ona. "Haina zawadi, na dakika zake ghali. Inauzwa Newala tu. Lakini inashika. Usiseme nimekwambia mimi."

Scholastika akaenda Newala. Oliva alinuna siku nne.

"Sasa Gasper yupo Tausi, atanipigiaje, mama? Kwa hiyo Jembe yako tutasalimiana tu na kukata."

"Mtasalimiana, mwanangu. Mimi nataka gari."

Alisema hivyo, lakini usingizi ulimkimbia. Kila upepo ulipovuma alitoka nje kusikiliza kama na sauti yake ipo mtini.

Uchungu ulimshika Oliva Jumanne, adhuhuri. Scholastika akaipigia hospitali. Simu iliita ikakatika. Akakimbilia mkoroshoni, akaweka sikio kwenye kila tawi alilolifikia. Sauti yake haikuwamo. Akapiga tena.

"Tumekusikia, mama. Gari linatoka."

Mahmudu alisikia mlio wa injini kabla ya wote. Aliinuka kigodani, akabeba beseni na kanga za Oliva mpaka barabarani, akasimama hapo mpaka gari likapotea machoni. Mtoto, wa kike, alizaliwa Newala kabla ya magharibi.

Gulio lililofuata Kulwa alikuwa pale pale, jirani na wauza dagaa. Aliletewa laini mia moja na kanga za rangi mpya, na foleni ilifika kwenye nyanya. Wasichana walizipenda laini hizo kwa sababu sasa zilikuwa na nyimbo za kumwitikia anayepiga. Alipomwona Scholastika na mjukuu mgongoni, aliinamisha macho, kisha akamsogezea kivuli cha mwavuli.

Siku chache baadaye mkorosho ulianza kuinama kwa uzito wa simu zilizokwama. Mahmudu akakata nguzo ya kuegemezea tawi la chini.

"Mmefika wapi?" akauliza Rahima.

"Tupo njiani," akasema Mahmudu, akashindilia udongo kwa mguu.