Kikohozi cha Chuma

Hakuna aliyewahi kumsikia Chuma akikohoa. Mwenyewe alijisifu hivyo kiwandani kila ugonjwa ulipotajwa, akijipiga kifua mpaka wenzake wakamwomba apunguze, asije akajivunja mbavu akawa mgonjwa wa kwanza wa majigambo.

Sasa alikuwa wodi ya watoto, kofia mkononi, na daktari alimuuliza tena swali lile lile.

"Baba, nyumbani kuna aliyeumwa korona? Kama mwezi hivi uliopita. Hata mafua tu."

"Hakuna, daktari. Wote wazima."

Kitandani bintiye alikuwa hoi. Macho mekundu, midomo imepasuka, vidole vimevimba hata havikunjiki. Homa ilikuwa imegoma kushuka.

"Vipimo vya korona vimetuishia," daktari alisema. "Nikijua ilimpitia, basi ni mwili wake unaojichoma wenyewe baada ya korona, na sasa moto huo umefika kwenye moyo. Namwanzishia dawa ya kuutuliza leo hii. Lakini kama ni maambukizi mengine, dawa hiyo hiyo inaweza kumwangusha. Siwezi kubahatisha na mtoto wa mtu."

Chuma alitazama sakafu. Jibu la kweli lilikuwa fupi tu: ndiyo. Ila kadi ya matibabu iliyomlaza mwanawe hapa ni ya kiwanda, na asubuhi ile msimamizi alikuwa amempigia simu.

"Chuma, mtoto ana nini?"

"Homa tu, bosi."

"Homa tu haina neno. Nikisikia ni ile nyingine, nitajua ulituletea kazini ukanyamaza. Kadi inarudi ofisini, na wewe usijisumbue kuja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Na kiwandani ukisema unaumwa? Unarudishwa nyumbani bila mshahara. Ndiyo maana kwenye mashine ya kukandamiza chupa wafanyakazi walijifunza ustaarabu wao: unabana kikohozi mpaka mashine ingurume, unakohoa nayo sambamba, msimamizi hasikii kitu. Chuma ndiye aliyekuwa fundi wao. Mwezi uliopita alikohoa hivyo juma zima, kifua kikiwaka moto, na kila jioni akarudi kwenye chumba kimoja ambamo familia nzima hulala.

"Una hakika?" daktari akauliza.

"Kabisa. Mimi hata chafya hainijui." Akajaribu kucheka.

Binti akaivuta barakoa ya oksijeni kando.

"Baba alikohoa," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Usiku anachukua mto wangu, anakohoa humo, ili jirani asisikie. Jirani naye ni wa kiwandani. Halafu ananirudishia nilale."

Mkono wa Chuma ulimtangulia mwenyewe. Uliirudisha barakoa mdomoni mwa mtoto, ukaikandamiza.

Daktari alikwisha kupata jibu lake. Aliutazama ule mkono. Haukuwa mkono wa kumpa mtoto hewa, na Chuma alijua kwamba ameonekana.

Chini ya plastiki, binti alinyamaza kama alivyozoeshwa.