Uzi Mwekundu wa Profesa

Mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani alianza kunusa hila pale alipokuta viti vya ukumbini vimepangwa duara. Miaka yote yeye hukaa mbele, kwenye kiti chenye mikono, wengine wakimtazama. Leo mbele hakuna.

"Nani kahamisha kiti changu?"

"Profesa, wifi," akajibu mke wa kaka yake, akijisogeza kumpisha. "Anasema kwenye mafunzo ya uongozi wote tuko sawa."

Wote sawa, na uchaguzi wa chama ni wiki ijayo! Mwenyekiti akakalia ukingo wa kiti kama aliyeketishwa juu ya jiko. Chuo kikuu cha ng'ambo na chuo kikuu cha hapa vishikane mikono, vije kuwafundisha washona nguo uongozi wa mashinani, bure, na soda juu? Kuna mtu kawaita. Akamtazama wifi yake. Wifi akatabasamu. Basi, ni yeye.

Profesa mgeni, ambaye Kiswahili chake kilitembea kwa magongo, akatoa donge la uzi mwekundu. "Shika uzi, kisha mrushie mtu unayemkimbilia ukipata shida."

"Uzi mzima huu wa kuchezea?" akaguna mshona sare za shule. Lakini akarusha. Kwa wifi. Wifi akampa mtia vifungo, naye akarudisha kwa wifi. Mpiga pasi, kwa wifi. Nyuzi zote zikaishia mapajani mwake mpaka akafanana na buibui aliyeshiba.

"Mazoezi mlifanyia nyumbani kwa nani?" mwenyekiti akauliza.

Wakacheka. Wifi hakucheka, akamrushia yeye donge.

Anajipendekeza huyu.

"Zamu yako, mwenyekiti!" wakamhimiza.

Siku ile cherehani yake ilipokufa na gauni la bibi harusi liko nusu, alikimbilia wapi? Kwa wifi, tena pekupeku, na mtaa mzima ulimwona. Akalitumbukiza donge mkobani.

"Uzi umeisha. Kikao kimefungwa."

Akatoka. Alipofika mlangoni kwake akageuka: uzi ulikuwa umemfuata kutoka mkobani, na wifi anakuja nyuma akiukunja polepole.

"Wifi, ulitaka kutuburuta sote mpaka kwako?" akatania mke wa kaka yake.

"Sema kweli. Kiti changu unakitaka?"

"Sasa hivi wananigongea nikiwa naoga. Nikiwa mwenyekiti si watabomoa ukuta? Kikalie mwenyewe. Ila uwe unawachekea kidogo, wanipunguzie msururu."

Mwenyekiti akampima kwa macho, kama anavyompima mteja anayetaka suti ya kitambaa cha mita moja. Jibu zuri mno. Jibu la mtu anayetafuta kura.

Hata hivyo akatoa donge lililobaki, akamwekea kiganjani.

"Lilikuwa lako. Nilijua tangu mwanzo." Akafungua mlango. "Na kesho kwenye mafunzo nitakaa pembeni yako."

"Kwa mapenzi, wifi?"

"Nikuone vizuri."