Dakika za Docus

Alisi alifuta jina la Bulandina kwa kiganja, akalitazama doa jeupe lililobaki, kisha akaliandika tena palepale.

Alikuwa amepiga magoti kwenye saruji kando ya benchi, chaki mkononi. Nyuma yake wachezaji walikuwa wakisukuma maji ya mvua nje ya uwanja kwa mifagio na magunia, wa Kasese upande huu, wa Bwera upande ule. Mchezo ulitakiwa kuanza saa kumi. Saa kumi na moja ilikuwa imeshapita, na kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa Alisi, kocha wa Kasese. Hakuwahimiza wasichana wake, wala hakuwaambia waende polepole. Aliwaacha tu wafagie.

Aliyeshinda siku ile ndiye angekwenda Kampala mwezi wa kumi na mbili kucheza na timu za mikoa mingine. Bwera walikuwa na msichana mrefu, aliyevaa namba kumi na nne, na kila mpira uliogonga ubao ukarudi ulikuwa wake. Katika timu ya Alisi aliyeweza kusimama naye alikuwa mmoja, Docus. Naye Docus alikuwa ameketi mwisho wa benchi na sweta yake, mikono mapajani, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na jua lilikuwa bado juu.

Wote walijua sharti lake. Baba yake, mzee Zedekia, alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista huko Kyondo, na alimruhusu binti akae mjini kwa shangazi, asome na acheze, kwa neno moja: siku atakayosikia amegusa mpira ndani ya Sabato, Docus angerudi Kyondo kuchuma kahawa, na habari ya mpira ingeishia hapo. Docus hakuwahi kulalamika. Mechi nyingi za Jumamosi alikuwa amezitazama kutoka benchi, na nyingi walishinda bila yeye. Lakini hizo hazikuwa na namba kumi na nne.

"Sabato inatoka saa ngapi leo?" Alisi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kumi na mbili na dakika arobaini na saba, kocha. Iko kwenye kalenda ya kanisa."

Alisi alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Mpira wa kikapu alikuwa amejifunza kwa kutazama na kwa kukosea, na alichojua kwa hakika kilikuwa kidogo. Alijua kwamba mchezo wa robo nne, pamoja na mapumziko na mabishano, unakula karibu saa moja na nusu na zaidi. Kama ungeanza sasa hivi, dakika chache za mwisho zingeangukia upande wa pili wa Sabato. Kwa hiyo hakuwa akitafuta kikosi cha kuanza. Alikuwa akitafuta kikosi cha kumaliza, kisha aone ni nani anaweza kuchoka kabla ya hapo.

Aliandika jina la tano. Yayeri.

"Mimi?" Yayeri alisema. Alikuwa amekuja kukamua maji ya gunia karibu na benchi. "Kocha, mimi naanza?"

"Unaanza. Simama mbele ya yule mrefu. Mpira usiutake. Simama tu."

"Atanipanda kama ngazi."

"Akupande. Kila akikupanda, mwamuzi anaona."

Marie-Louise, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, alicheka. Huyu ndiye aliyekuwa akipandisha mpira, kuutoa nyuma hadi kwenye kikapu cha wapinzani. Familia yake ilitoka Butembo, upande wa Kongo, ikakaa Bwera, ikifanya biashara ya vitenge, naye alisoma Kasese na kuchezea Kasese, jambo ambalo Bwera hawakuwa wamelimeza.

"Weye Marie-Louise," mmoja wao aliita kutoka upande wa pili, ameegemea fagio. "Leo utalala wapi?"

"Kwetu, Bwera. Nitapita kwa mama yako kumusalimia, nimupe pole."

Hata mwamuzi alitabasamu. Kisha akapuliza filimbi.

Robo ya kwanza ilikwenda kama Alisi alivyotarajia, maana yake ilikwenda vibaya kidogo. Yayeri alisimama. Namba kumi na nne akampanda mara mbili na kupewa faulo mara mbili, na katikati ya hizo akafunga vikapu vitatu. Alisi alimtoa Yayeri kabla hajaharibu, akamsogeza Bulandina chini ya kikapu, na baadaye akamtoa Marie-Louise, ambaye hakuwa amechoka hata kidogo.

"Kocha, mi niko na nguvu bado."

"Najua. Kaa."

Alikuwa na mazoea hayo. Mchezaji akitolewa akiwa bado anakasirika, atarudi na kitu. Akitolewa akiwa anashukuru, umeshachelewa. Watazamaji hawakuyapenda mazoea yake, wakasema kwa sauti. Hamidah alipandisha mpira badala ya Marie-Louise, kwa mkono wa kulia tu, na Bwera wakagundua mara moja. Lakini Alisi alimwacha mpaka karibu na mapumziko, kwa sababu kila dakika ambayo Marie-Louise aliketi alikuwa anaiweka akiba ya baadaye. Walipokwenda mapumziko Bwera walikuwa mbele kwa pointi saba. Bulandina alikuwa na faulo tatu. Docus aligawa maji. Hiyo, alisema, si kazi ya mpira.

Robo ya tatu ilipoanza, Alisi alimwona mzee Zedekia. Alikuwa amesimama barabarani nje ya uzio, mgongo ameupa uwanja, Biblia kwapani. Juma lile alikuwa amealikwa kuhubiri kanisa la mjini. Hakugeuka hata watu walipopiga kelele. Alitazama milima.

Kasese jua halizami kama linavyozama penginepo. Alisi alikulia Kahendero, kandokando ya ziwa, ambako milima iko mbali na jua hushuka taratibu hadi mwisho. Hapa mjini mlima uko juu ya kichwa. Jua hufika kwenye ukingo wake likiwa bado kali, likaingia nyuma, na kivuli kikashuka mtaa kwa mtaa huku anga bado ni nyeupe. Siku ile kilishuka katikati ya robo ya tatu. Kilipita kikapu cha mbali, kikavuka mstari wa katikati, kikafika benchi.

"Jua limezama," mtu alisema kutoka kwa watazamaji. "Kocha, mwingize mrefu wako."

"Mwingize. Unamuwekea nani?" mwingine akadakia.

Wakati uleule mzee Zedekia alifungua lango, akaingia. Akatafuta jiwe, akalifuta maji kwa leso, akaketi, uso kwenye uwanja. Alisi aliona mabega ya Docus yakikakamaa. Amekuja kumlinda, Alisi alifikiri. Amekuja kuona kama nitamtia majaribuni.

Bulandina alipata faulo ya nne; ya tano ingemtoa mchezoni. Alisi aliomba muda.

"Docus," alisema. "Jua liko wapi?"

"Nyuma ya mlima, kocha."

"Na Sabato?"

Docus alitazama upande wa baba yake, kisha akatazama saa ya Alisi. Ilikuwa kumi na mbili na robo. "Bado. Upande wa Kongo wanaliona."

Marie-Louise alikuwa amejimwagia maji kichwani. "Sabato yenu iko murefu kushinda ya Mungu mwenyewe," alisema. "Sisi Wakatoliki tunasali masaa mbili, tunaenda nyumbani kula."

"Ndiyo maana mnarudi kila siku," Docus alisema, na wasichana wakacheka, naye mwenyewe akacheka kidogo.

Alisi hakucheka. Walikuwa nyuma kwa pointi tano. Angeweza kusema, vua sweta. Docus alikuwa na adabu, na kocha ni kama mzazi. Labda angevua. Na hata kama wangeshinda, Docus asingekwenda Kampala. Angekwenda Kyondo.

"Yayeri," alisema. "Ingia. Simama tu, kama mwanzo. Marie-Louise, usikimbie. Pandisha mpira kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Sina haraka."

"Tuko nyuma, kocha."

"Naona."

Wakacheza hivyo. Ulikuwa mchezo usiopendeza. Bwera walitaka kukimbia, Marie-Louise akawanyima, akitembea na mpira, akiwageuzia mgongo, akiambiwa maneno ya kila namna na marafiki zake wa nyumbani. Yayeri alipandwa tena, na namba kumi na nne akafikisha faulo nne naye. Kocha wao akamtoa kumhifadhi. Hapo Patience alifunga mara mbili kutoka pembeni, na robo ya nne ikaanza wakiwa nyuma kwa pointi moja.

Alisi alitumia muda wake wote wa mapumziko aliobakiwa nao, mmoja baada ya mwingine, na katika ule wa mwisho aliwaambia wanywe maji tu. Mawingu yalikuwa yamerudi juu ya milima na uwanja ule haukuwa na taa. Namba kumi na nne alirudi. Bwera wakafunga, Kasese wakafunga, Bwera wakapata pointi moja ya faulo. Mpira ulikuwa umekuwa rangi moja na saruji. Ilipofika kumi na mbili na dakika arobaini na nne, Docus alisimama mwenyewe, akavua sweta, akaikunja, akaenda kusimama kwenye meza ya mtunza saa, mikono nyuma, akingoja.

Pasi ya Marie-Louise ilimpiga Hamidah kifuani. Hamidah hakuwa ameiona. Mwamuzi alipuliza filimbi, akatazama juu kwenye pete ya kikapu kwa muda, akatazama pete ya upande wa pili, kisha akaita makocha wote wawili.

"Sioni," alisema. "Mtu ataumia. Dakika nne zilizobaki mtazimaliza kesho saa tatu asubuhi, hapahapa. Bwera thelathini na tisa, Kasese thelathini na saba."

Kocha wa Bwera alibisha kwamba watu wake walishakodi gari na hawawezi kurudi kwa dakika nne. Mwamuzi alisema basi wasirudi, na Kasese watacheza peke yao. Huyo akaenda kumtafuta dereva wa gari.

Docus alikuwa bado amesimama pale mezani. Alitazama saa ya mtunza saa, akarudi kuchukua sweta yake.

Mzee Zedekia alikuja polepole, akikwepa madimbwi. Alimpa Alisi mkono, akamsalimu kwa heshima, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akauliza alilotaka kuuliza.

"Mwalimu, nimeketi pale muda mrefu. Mbona mtoto hakucheza?"

Alisi hakuelewa mara moja. "Alikuwa anangoja Sabato itoke, mzee."

"Ilitoka. Mlima ulilichukua jua nikiwa barabarani. Ndipo nikaingia."

Docus ndiye aliyejibu.

"Baba, hapa mjini kanisa linafuata kalenda."

"Sisi Kyondo tunafuata mlima. Tangu zamani."

"Najua, baba. Lakini naishi hapa."

Mzee Zedekia alihamisha Biblia kutoka kwapa hili hadi lile. Alisi alikuwa tayari anahesabu, bila kutaka, dakika ambazo Docus angeweza kucheza: nusu ya robo ya tatu, na yote iliyochezwa ya nne. Namba kumi na nne akiwa na faulo nne. Aliacha kuhesabu, kwa sababu mzee alikuwa bado anafikiri, na ilionekana jibu lake lingekuwa na uzito kuliko pointi.

"Jana jioni," mzee alimwuliza binti yake, "Sabato uliiingiza saa ngapi?"

"Kwa kalenda. Jua lilienda nyuma ya mlima nikiwa nafua. Nikaendelea kufua mpaka saa yenyewe."

"Umefua baada ya mlima."

"Ndiyo, baba."

"Basi ulikuwa na deni." Alimgeukia Alisi. "Aliyeanza kwa kalenda anamaliza kwa kalenda. Huwezi kuingia kwa mlango wa nyuma ukatoka kwa wa mbele na ukasema umelala humo usiku mzima. Amefanya sawa. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia saa nyingine."

"Hata mimi sikujua ziko mbili," Alisi alisema.

"Ziko nyingi kuliko hizo. Kesho acheze dakika zote."

"Ni dakika nne, mzee."

"Acheze zote nne."

Docus aliinamisha kichwa ili asionekane anavyofurahi, akaanza kukusanya chupa za maji. Alisi alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu mchana aliona kikosi kikikaa sawa kichwani: Docus na Bulandina chini ya kikapu, Patience pembeni, Hamidah upande wa kulia, na Marie-Louise akiwaletea mpira. Pointi mbili si mlima.

"Kocha."

Marie-Louise alikuwa amesimama na begi begani. Gari la Bwera lilikuwa likipiga honi barabarani, na wale aliowanyima mpira jioni nzima walikuwa wamemwekea nafasi.

"Kesho asubuhi mi siko."

"Uko wapi?"

"Mutoto wa kaka Xavier anabatizwa. Saa tatu, Bwera. Mi njo mama wa ubatizo, mi ndiye nitamubeba."

"Kuna misa ya kwanza."

"Ubatizo iko misa ya pili. Padri alishaandika jina langu." Alisubiri. "Ungeniambia niache, kocha?"

Alisi alifikiri kwamba jioni hiyo alikuwa ameshaulizwa swali hilo mara moja, juu ya Sabato ya Docus, na Docus mwenyewe ndiye aliyemjibia.

"Nenda, wanakungoja," alisema. "Wasalimu nyumbani."

Gari liliondoka, na sauti ya Marie-Louise ikasikika humo ndani ikijibizana na sauti nyingine nyingi. Alisi akamwita Hamidah, ambaye alikuwa bado anajisugua kifua.

"Mkono wa kushoto," alimwuliza. "Unaweza kupiga mpira mara ngapi kabla haujakukimbia?"

Hamidah alifikiri kwa uaminifu. "Mara tatu. Nne, nisipotazamwa."

"Njoo kesho saa moja, kabla hawajafika. Yayeri, na wewe."

"Mimi nisimame tena?"

"Sijui bado," Alisi alisema. Alikuwa na wanne. Wa tano alimgeuza kichwani kutoka uwanjani hadi njia panda ya soko, akamweka Yayeri, akamtoa, akamweka tena, na alipofika mlangoni kwake nafasi ile ilikuwa bado wazi.