Ukoko wa Birika

Mkamwana alimimina siki mpaka nusu ya birika la umeme, akaongeza maji kidogo, akaliwasha. Kabla ya kufunga kifuniko alichungulia tena ndani. Maji ya bomba ya mtaa ule yalikuwa na chokaa, na kila nyumba ilikuwa na birika lenye ukoko mweupe. Lakini ukoko wa kwa majirani ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Wa nyumba hii ulikuwa mnene kama kisigino cha mtembea peku. Bomba ni lile lile, na wanywaji chai wako wanne tu: yeye, mumewe ambaye ni fundi saa, wifi yake msusi, na mama mkwe. Jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni siku nyingi.

Nusu ya sababu aliijua. Chumba cha mama mkwe kilipakana na jiko, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao. Mtu akitaka kusema jambo ambalo mama asilisikie, aliwasha birika kwanza, akasema wakati linanguruma. Hakuna aliyemfundisha mwenzake, ndivyo walivyozoea. Maji mengi yalichemka katika nyumba ile bila mtu kunywa chai.

Siki ilipopata moto alizima, akaiacha iloweshe. Viputo vikaanza kupanda kutoka kwenye ukoko, na kila kilichopasuka kilitoa neno.

“Miwani nimeitumbukiza kwenye pipa la unga,” birika likasema kwa sauti ya msusi. “Aitafute mpaka jioni. Kaka ataona mwenyewe kwamba akili imeshaondoka.”

Mkamwana alipunguza redio ili asikie vizuri.

Mama mkwe alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi. Gari la nyumba ya kutunzia wazee lingekuja kumchukua, kwa kuwa mwaka mzima alikuwa akipoteza vitu: miwani, funguo, kiatu kimoja. Mara moja aliacha jiko la gesi linawaka na yeye amelala. Baada ya hapo watoto wake walikubaliana.

Msusi aliingia akiwa na kitana kichwani. “Wifi, nani kakutuma uoshe birika?”

Mkamwana alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kama alivyofanya kila alipotaka kusema. “Chai ina vipande vyeupe, wifi.”

“Si ungechuja tu! Ukoko umemuua nani?”

“Pale dirishani chumbani kwa mama nitaweka kioo kikubwa,” birika likasema, kwa sauti ya msusi tena, “na viti viwili vya kuoshea nywele.”

Msusi alisikiliza. “Vitatu,” akasema. “Nilibadilisha mawazo.”

Fundi saa alikuja kuuliza chai, lenzi yake ikiwa bado jichoni. Alikuta sauti yake mwenyewe inasema, “Dada, usizidishe. Ile ya funguo ilitosha.”

“Hayo ni ya zamani, niliyasema kabla ya mvua,” alisema. “Mimi nichemshieni kwenye sufuria.” Akarudi kwenye saa zake.

Mlango wa pili ukafunguka. Mama mkwe alitoka na begi lake, ambalo alikuwa ameshalifunga, akaketi kwenye kigoda karibu na meza. Hakuna aliyemzuia. Birika lilikuwa halingurumi, kwa hiyo kila neno lilikuwa limepita ukutani.

“Jiko alikuwa amelizima vizuri,” likasema birika, kwa sauti ya msusi. “Niliwasha mimi.”

“Nilijua nililizima,” mama alisema.

“Mama, hayo yameshapita,” msusi alimjibu kwa upole. “Huko kitanda chako kimeshatandikwa. Watasumbuka bure.”

“Sikatai, mwanangu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alianza?”

Mkamwana alikohoa mara mbili. “Ukoko wa juu ndio mpya, mama. Maneno ya mwanzo yako chini kabisa.”

Alimwaga siki, akasuuza, akagusa kwa kidole. Ukoko wa chini ulikuwa haujalegea, siki haikuuweza. Akachukua kopo la unga wa limau, ule mkali wa kutilia juisi, akatia vijiko viwili na maji ya moto. Hakuwa na shaka sana juu ya jibu. Alimtazama msusi. Msusi alitazama kucha zake.

Walingoja. Mama alikuwa ameinamisha sikio, mikono juu ya begi.

Kiputo kikubwa kilipanda taratibu kutoka chini, kikapasuka. Kilitoa kikohozi kikavu. Cha pili kikatoa kikohozi kingine.

“Mume wangu,” birika likasema, “hivi wewe huoni kwamba mama siku hizi...”

Mkamwana aliliinua, akamwaga yote kwenye sinki, na kufungulia bomba juu yake.

Msusi alicheka kwa pua, akatoka.

“Mbona umemwaga?” mama aliuliza.

“Dawa imepoa, mama. Ikipoa haifanyi kazi. Ukoko uliobaki nitaumalizia kesho.”

“Kesho gari linakuja asubuhi.”

“Ndiyo, mama.”

Mama alilitazama kopo la unga wa limau. Lilikuwa bado limejaa. Mkamwana alilifunika, akalirudisha kabatini, nyuma ya sukari. Alilifuta birika kwa nje mpaka likang'aa. Kisha akalijaza maji safi, akaliwasha, ingawa hakuna aliyetaka chai.